Shuka Kwenye Huo Ukuta, Msee

Wasee, kwani huo ukuta wa Thimlich uliwakosea nini?

Nauliza kwa sababu wiki hii klipu moja imenifikia kutoka kwa watu kumi na mmoja, kila mmoja akiandika "cheki, si huku ni kwenu". Jamaa amepanda juu ya ukuta wa mawe, amepanua mikono kama anataka kuruka, droni inamzunguka, wimbo unapanda. Sitamtaja na sitamtagi, maana si wa kwanza na hatakuwa wa mwisho. Lakini itazame tena ukiwa umezima sauti. Kama sekunde ya tisa hivi utaona jiwe linacheza chini ya raba yake ya kushoto. Linacheza kidogo tu. Halafu droni inapaa na hatujui liliishia wapi.

Komenti zimejaa moto, moto, moto. "Hii ni nchi gani?" "Lokesheni tafadhali." Hakuna hata mmoja ameuliza habari ya lile jiwe. Basi acha mimi niulize.

Kwa wale hawajafika: Thimlich Ohinga iko Kaunti ya Migori, kama kilomita 46 kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori. Kipande cha mwisho ni boda na vumbi, ukifika nywele zako zimebadilika rangi. Kwa Dholuo *thim* ni msitu, *lich* ni kutisha, na *ohinga* ni boma la mawe. Yako kadhaa pale, na makubwa yana majina kama nyumba za watu: Kochieng, Kakuku, Koketch, Koluoch. Wataalamu wanakadiria yalijengwa karne ya 16, na watu wakaendelea kuishi humo, hawa wakihama na wale wakiingia, hadi katikati ya karne ya 20. Yaani hii si habari ya kina Farao. Kuna wazee wa huku ambao babu zao walijua ndani ya hizo kuta nani alilala wapi.

Sasa sikiliza venye zilijengwa. Kuta zina urefu wa kati ya mita 1.5 na 4.5, unene wa mita 1 hadi 3. Hakuna simiti. Hakuna udongo wa kushikanisha. Mawe yenyewe hayakuchongwa, yaliokotwa yalivyo, ya kila umbo, yakapangwa. Upande wa nje umepangwa peke yake, upande wa ndani peke yake, na katikati kukajazwa mawe madogo madogo. Hicho ndicho kinachoushikilia ukuta: uzito, na akili ya mtu aliyejua jiwe gani likae wapi. Kama umewahi kuona trela ya miwa ikitoka shambani kwenda kiwandani Awendo, unajua ninachosema. Wale watoto wanaoikimbiza barabarani wanajua kabisa muwa gani ukivutwa hauleti shida, na upi ukivutwa unashuka na wenzake ishirini.

Wewe wa Nairobi uliyekuja Jumamosi na raba nyeupe hujui jiwe gani ni lipi. Wala mimi sijui, na ndiyo maana mimi nasimama chini.

Mwaka 2000 World Monuments Fund iliiweka Thimlich kwenye orodha yake ya mahali palipo hatarini duniani. Kuta zilikuwa zinaanguka. Miti, wanyama, mvua, watu. Kazi ya kukarabati ikafanyika, jiwe kwa jiwe, na mwaka 2018, kwenye mkutano wa kule Manama, Bahrain, UNESCO ikaitangaza kuwa Urithi wa Dunia, ya saba kwa Kenya. Tukasherehekea mtandaoni siku mbili. Halafu droni zikafika.

Lakini ningekuwa nalalamikia kupanda ukuta tu, ningeandika mistari mitatu na kulala. Kuna kitu kingine kinanisumbua zaidi, na hiki kinawahusu hata wale wenye adabu, wasiopanda popote.

Kwenye albamu ya mama kuna picha yake ya ujana, ya studio, amesimama mbele ya kitambaa kilichochorwa mnazi, bahari na ndege ikipaa. Kila mtu wa umri wake ana hiyo picha. Mkono kiunoni, viatu vimepakwa rangi. Hakuna aliyewahi kumuuliza huo mnazi ni wa wapi, kwa sababu mnazi haukuwa mahali, ulikuwa kitambaa. Sasa ingia mtandaoni utafute Thimlich. Nilikaa nikapitia picha mia mbili. Mia mbili kamili, nilihesabu nikiwa nangoja stima irudi. Unajua ni ngapi nilizoweza kusema hii ni Kochieng, ile ni Kakuku? Tisa. Zilizobaki ni mtu, na nyuma yake kitu cha kijivu. Ukiniambia ile kijivu ni ukuta wa shule ya msingi nitaamini. Tumelichukua boma lililosimama miaka zaidi ya mia nne tukaligeuza kitambaa cha studio.

Na vile vitu vya kupiga pale ni vingi jamani! Chukua lango. Malango ya Thimlich yamejengwa madogo na mafupi kwa makusudi, ili yeyote anayeingia ainame. Ukiwa umeinama huwezi kurusha mkuki, na mlinzi yuko hapo ndani karibu anakungoja na shingo yako. Piga hiyo! Piga rafiki yako akipita hapo amejikunja. Ataonekana mjinga kidogo lakini kila atakayeona picha ataelewa vita vya huku vilipiganwa vipi bila kusoma neno. Ama piga yale mashimo ya ajua, bao, yaliyochimbwa kwenye mwamba. Mtu alikaa hapo, pengine jioni, ng'ombe wakiwa wameshaingia zizini, akala mbegu za mwenzake na kumcheka. Ama mahali pa kufulia chuma, kule nyuma ya Kakuku. Sijaona hata klipu moja inayoonyesha mahali pa chuma. Moja!

Kwa hivyo msinisome vibaya, sisemi watu watoke kwenye picha. Mtu anasaidia. Mtu ndiye anakuonyesha ukuta una urefu gani. Ninachouliza ni nani amekuja kumsaidia mwenzake: ukuta kwako, ama wewe kwa ukuta.

Najua jibu, limeshakuja mara nyingi: "Buda, ni picha tu. Picha ina kazi gani?"

Twende Pwani kidogo nikuonyeshe picha ina kazi gani. Wamijikenda wana vigango, zile mbao za kuchonga zinazosimikwa kuwakumbuka wazee waliofariki. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia anaitwa Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa na vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake. Picha ya kawaida. Mzee, vigango, nyumbani. Udvardy aliporudi baadaye kumletea mzee nakala yake, akakuta vigango vimeibwa, na mzee akamwomba amsaidie kuvitafuta. Miaka ikapita. Mwaka 1999 yuko kwenye mkutano wa wasomi huko Marekani, mwenzake anaonyesha picha za vitu vya makumbusho ya chuo kimoja cha Illinois, na kigango kile kile kinamtazama kutoka ukutani. Kingine kikapatikana makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Mwaka 2007 vyote viwili vikarudishwa Kenya.

Fikiria hiyo picha ya 1985 ingepigwa kwa mtindo wetu. Uso wa mpiga picha umejaa mbele, miwani, ulimi nje, mzee amekatwa nusu, vigango vimefunikwa na filta ya machweo, kapsheni "Pwani si Kenya". Vile vigango vingekuwa bado viko Marekani. Hakuna mtu angethibitisha kitu. Kilichovirudisha ni kwamba vilionekana vizuri, mbele yao amesimama mwenyewe, na mwaka unajulikana.

Ukuta wa Thimlich hauwezi kuibwa kwa ndege, sawa. Lakini unaweza kuanguka kipande leo usiku mvua ikinyesha, na fundi atakayekuja kurudisha yale mawe atauliza swali moja tu: yalikuwa yamekaaje? Kama kuna picha nzuri ya ule upande, ya kutoka mbele, mchana, mawe yakionekana moja moja, amepata pa kuanzia. Kwa zile picha mia mbili zangu, atapata pa kuanzia kushona suruali yako.

Ng'ambo ya maji mambo ni magumu zaidi. Ukifika Mbita, Kaunti ya Homa Bay, unapanda mashua hadi Kisiwa cha Mfangano. Huko juu, sehemu zinazoitwa Kwitone na Mawanga, kuna michoro ya mwambani: duara ndani ya duara, mizunguko kama ya konokono, miale kama ya jua, kwa rangi nyekundu na nyeupe. Inasemwa kuwa kazi ya Watwa, wawindaji waliokuwa hapa kabla ya Wasuba na kabla yetu Wajaluo. Wenyeji wanahusisha mahali hapo na kuombea mvua, na heshima hiyo ndiyo iliyolinda michoro miaka yote, kabla ya serikali na kabla ya bango lolote.

Niliwahi kupanda huko na kundi la wapiga picha. Rangi imefifia, haitoki vizuri kwenye simu. Msee mmoja akafungua chupa yake ya maji, anataka kuumwagia mwamba ili rangi ing'ae. Hii ni tabia ya zamani na iko kila mahali duniani penye michoro kama hii. Kwa dakika mbili inapendeza kweli, halafu maji yakikauka yanaacha chumvi na madini juu ya rangi, na ukirudia rudia unapata ukungu mweupe ambao hautoki. Mzee aliyetupeleka akamshika mkono, pole pole kabisa. "Nyathina," akamwambia, "hayo maji kunywa."

Sote tukacheka, na msee akanywa. Lakini siku mzee hayuko?

Na kuna kitu kinaniuma hapa. British Museum, London, imeweka mtandaoni picha kama 25,000 za michoro ya miambani ya Afrika. Zimetoka kwa TARA, shirika la hapa Nairobi lililoanzishwa mwaka 1996 na mpiga picha David Coulson. Yaani mtoto wa London akitaka kujua michoro ya miamba ya Kenya ikoje, anafungua simu na kila picha inamwambia ni ya wapi. Mtoto wa Sindo akitaka kujua kilicho kisiwani anachokiona kila asubuhi akipiga mswaki, anafungua simu ananipata mimi na wewe tukicheza densi kwenye mashua. Sina ugomvi na Coulson, alifanya kazi. Ugomvi wangu ni kwamba simu iliyo mfukoni mwangu leo ingekuwa ndoto kwa mpiga picha yeyote wa 1996, na tunaitumia kupiga viatu.

Nisimame kidogo Rusinga kabla sijarudi bara, kwa sababu hapa hasira yangu ni ya aina nyingine. Ukivuka daraja la Mbita ukaenda hadi Kasawanga, utaona kaburi la Tom Mboya. Jengo limejengwa kwa umbo la risasi. Nimeona picha mbili, si moja, za vijana wa rika langu wamesimama mbele yake wamefanya vidole kama bastola, macho madogo, wanatafuta sura ya gangsta. Kapsheni ya moja ilikuwa "Wanaume wa ziwa".

Lile umbo si urembo. Jumamosi, tarehe 5 Julai 1969, Mboya alitoka dukani kwenye Government Road, Nairobi, ile tunaita Moi Avenue leo, akapigwa risasi. Alikuwa na miaka 38. Sanamu yake iko barabara hiyo hiyo tangu 2011, nyinyi wote mmekutana hapo mkingoja mtu aliyechelewa. Huyu ndiye aliyepanga ndege za kupeleka wanafunzi Marekani, ya kwanza 1959 ikiwa na wanafunzi 81. Na yeye mwenyewe aliacha shule Mang'u kwa sababu ya karo, akaenda kusomea ukaguzi wa afya. Mimi nimeacha chuo kikuu mwaka wa pili kwa sababu hiyo hiyo ya karo, na siku niliposimama pale nilikuwa na mambo mengi ya kumwambia, lakini bastola ya vidole haikuwa mojawapo. Waliojenga lile kaburi walikuwa wanaomboleza kwa mawe. Sasa mtoto wa Mwingi au Nyeri anakutana na Mboya kwa mara ya kwanza kupitia vidole vyako.

Wachongaji nao tunawafanyia hivyo hivyo. Tabaka ni majirani wetu, upande wa Kisii, kule mawe laini ya sabuni yanakochimbwa na kuchongwa. Kila mtu ana klipu ya mikono yenye vumbi jeupe ikilainisha kiboko kwa msasa. Mikono tu! Kichwa kimekatwa, jina hakuna. Elkana Ong'esa ni mtu wa Tabaka, na sanamu yake ya ndege wa amani iko makao makuu ya UNESCO, Paris, UNESCO hii hii iliyoitangaza Thimlich. Wewe ulipokuwa ukipiga ile mikono, uliuliza ni ya nani? Ilikuwa na mdomo karibu hapo juu, ingekujibu.

Sawa. Sasa jibu la pili, ambalo lina uzito zaidi: "Bila sisi nani angejua Thimlich iko? Magari yameongezeka kwa sababu ya klipu zetu." Nalikubali nusu. Ni kweli watu wanakuja. Mama anayeuza soda na ndizi huko anaijua tofauti ya wikendi yenye wageni na isiyo nao, na mimi sitaki arudi kwa ile isiyo nao. Lakini angalia waliokuja kwa klipu ya kupanda ukuta wanakuja kufanya nini. Wanakuja kupanda ukuta. Unachoonyesha ndicho wanachokuja kutafuta, huwezi kuuza mandazi halafu ushangae wateja wakiuliza mandazi.

Na najua habari ya pesa, msinifundishe. Mwaka jana kampuni moja ya safari, sitaitaja, ilinipa kazi ya klipu tatu za huku kwetu. Elfu kumi na tano. Moja ilikuwa lazima niwe juu ya ukuta, machweo, mikono hewani, walikuwa hadi wamechora mchoro wa venye nitasimama. Nikawaambia nitapiga langoni, nikainama, itakuwa tamu zaidi. Wakasema asante, wakachukua msee mwingine. Kodi ya mwezi ule nililipa kwa kupiga harusi mbili Oyugis, na kwa moja yao nililipwa nusu pesa, nusu kuku. Klipu yao ikatoka, ikapata watu wengi kuliko kitu chochote nimewahi kuposti maisha yangu. Kwa hivyo siwezi kuwaambia kwamba ukipiga vizuri utaomoka. Yangu ya lango imetazamwa na watu 412. Mmoja wao ni mama, mara nyingi.

Ila mmoja wa hao 412 aliniandikia faraghani kitu ambacho kimenifanya niandike haya yote. Ni msee wa Ndhiwa. Akasema, kwetu kuna ukuta kama huo, nyuma ya shamba la mahindi la babu, sisi tulidhani ni zizi tu la mtu wa zamani. Akanitumia picha. Mawe yamefika kiunoni, nusu yamemezwa na vichaka, na kipande kimoja kimeondolewa kabisa. Nilipomuuliza yale mawe yalienda wapi akasema ndiyo msingi wa jiko.

Hebu sikia hii hesabu. Watafiti wamerekodi maboma ya mawe ya aina hii 521, katika sehemu 138, kwenye eneo lililoitwa South Nyanza, ambalo leo ni hizi kaunti zetu. Mia tano ishirini na moja! Thimlich ndiyo kubwa na iliyohifadhiwa vizuri kuliko zote, ndiyo ina mlinzi, ndiyo ina bango. Nyingi za nyingine ziko kwenye mashamba ya watu. Hakuna droni inayozifuata. Mawe yake yanachukuliwa mkokoteni kwa mkokoteni, na simlaumu anayechukua: jiwe liko shambani kwake, linamzuia kulima, na hakuna mtu amewahi kumwambia kwamba ni kitu. Sheria iko, ile ya makumbusho na urithi ya 2006, lakini sheria haijawahi kufika nyuma ya mahindi ya babu wa mtu.

Sisi tunafika huko. Sisi ndio wajukuu. Tuko na simu, tuko na bando za usiku, na tunakaribishwa chai, kitu ambacho mtafiti wa chuo lazima aandikie barua.

Kwa hivyo mimi nimeanza folda. Haina jina la kuvutia, inaitwa "Kuta". Mpaka leo ina maboma manne: Thimlich, lile la Ndhiwa, na mawili upande wa Karungu ambayo nilipelekwa na fundi wa baiskeli. Kwa kila moja napiga pande zote nne, kutoka mbele, mchana, bila filta. Napiga lango kama bado lipo. Naweka mtu mmoja asimame karibu, mikono chini, ili kimo kionekane. Naandika kijiji, tarehe, jina ambalo wenye shamba wanaliita, na nani alinionyesha, akikubali kutajwa. Mahali kamili siposti, kwa sababu kuna watu wakisikia "mawe ya kale" wanakuja na jembe usiku kutafuta dhahabu. Inaboesha kupiga. Dakika arobaini kwenye jua na mbigiri, na hakuna hata picha moja unayoweza kuweka wimbo.

Manne kati ya mia tano ishirini na moja.

Sasa nahitaji nyinyi, na si laiki zenu. Wengi wenu mlipelekwa Thimlich na shule kabla ya 2018, ama wazazi wenu walipelekwa, foleni ya wawili wawili, mwalimu wa historia na fimbo yake. Kuna picha. Kwenye albamu, kwenye ile bahasha ya kaki chini ya kitanda cha shosho, kwenye simu iliyokufa skrini lakini kadi yake bado nzima. Zitafute. Waulize pia wajomba kama shambani kwao kuna ukuta, kisima cha mawe, jiwe lenye mashimo ya ajua, chochote.

Ukipata, usitazame nani amependeza. Tazama nyuma ya mabega yao, kuna mawe hapo. Piga picha ya hiyo picha, dirishani penye mwanga, geuza na upande wa nyuma maana wazee wetu waliandika tarehe huko, unitumie. Niambie mwaka, hata kama ni "mwaka ule wa El Niño". Niambie ni upande gani wa boma kama kuna anayekumbuka. Na kama ni picha ambayo mpiga picha alikosea, akakata kichwa cha mjomba na kupata ukuta wote nyuma yake, hiyo nitumie kwanza.